Kopo la Ishirini na Mbili

Nyumbani kwetu chakula cha jioni kilianza kwa kugongwa. Mama aliporudi kutoka kiwandani saa kumi na moja na nusu, alitoa kopo mfukoni, akaliweka mezani, akagonga kifuniko chake kwa mpini wa kijiko na kuinamisha kichwa kusikiliza. Likilia vizuri, lilifunguliwa. Likilia sauti nzito, iliyokufa, lilitupwa, hata kama matumbo yetu yalikuwa yananguruma. Makopo hayo hayakuwa na karatasi za majina. Karatasi zilikuwa zimechanika mashinani, na kiwanda kiliwagawia wafanyakazi makopo ya namna hiyo. Kwa hiyo hatukujua tunakula nini mpaka kifuniko kitoke. Leo maharage, kesho mananasi, na wiki moja tulikula njegere siku nne mfululizo.

Licha ya sikio lile, Mama hakuwa mgongaji kiwandani, yule anayepima makopo kwa sauti. Alikuwa mfagizi. Alivaa viatu vya mpira na kusukuma maji machafu sakafuni kuanzia asubuhi mpaka mbinja ya jioni ya kufunga kazi. Mimi nilikuwa darasa la sita, na wenzangu waliponiuliza mama yangu anafanya kazi gani kiwandani, nilijibu kwamba anahusika na usafi wa bidhaa. Haukuwa uongo kamili. Ulikuwa ukweli uliovaa viatu vya kuazima. Sikuwahi kumuuliza kwa nini anafagia wakati anaweza kulijua kopo bovu akiwa amefumba macho. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na yeye aliporudi tulikuwa na mambo mengine ya kuzungumza.

Mdogo wangu alikuwa na miaka tisa. Tulimwita Sentimita, kwanza kwa sababu alikuwa mfupi, pili kwa sababu alipima kila kitu: urefu wa meza, uzito wa paka wa jirani, dakika ambazo chai huchukua kupoa. Mwaka huo alianguka kutoka kwenye ukuta wa shule, ambao pia alikuwa akiupima, akavunjika mguu. Daktari akamfunga bandeji ngumu nyeupe kuanzia kifundo mpaka juu ya goti, akasema asikanyage chini kwa wiki nane. Kwa mtoto kama yeye, hiyo ilikuwa sawa na kifungo.

Mjomba, ambaye ni fundi wa kompyuta, alimwonea huruma. Alikusanya vipande vya kompyuta tatu zilizokufa akatengeneza moja iliyokuwa hai kwa taabu. Ilinguruma kama inasaga mahindi, na iliweza kuendesha mchezo mmoja tu wa zamani. Tuliiweka kwenye kiti kando ya kitanda cha Sentimita.

Mchezo ulikuwa hivi. Shujaa mmoja anashuka mapangoni, ngazi kwa ngazi, kutafuta taji lililozikwa chini kabisa. Hapakuwa na picha za kupendeza. Shujaa alikuwa alama ndogo nyeupe, kuta zilikuwa vistari, na mazimwi yalikuwa herufi: herufi ndogo ni zimwi dogo, herufi kubwa ni balaa. Ukibonyeza kitufe shujaa anapiga hatua moja, na kila kilicho hai pangoni kinapiga hatua moja. Usipobonyeza, dunia nzima inakungoja. Na shujaa akifa, amekufa. Hakuna kurudi nyuma na kusema ulikuwa unatania. Unaanza na shujaa mwingine, mikono mitupu, juu kabisa.

Tulicheza shujaa mmoja kwa zamu, nusu saa yake na nusu saa yangu, kila siku baada ya shule. Hiyo ilikuwa amri ya Mama, na saa ya ukutani ilikuwa hakimu. Shujaa wetu tulimwita Babu Kopo kwa sababu ya kitu alichookota ngazi ya tatu: kifaa kidogo cha kufungia chakula kwenye makopo. Sentimita alipokiona alicheka mpaka mguu ukamuuma. Alisema hata mapangoni kuna watu wa kiwandani.

Watoto wa darasani kwake, ambao pia waliucheza mchezo huo, walipokuja kumjulia hali walimshauri akitupe, kwa kuwa ni kizito na hakimchomi mtu, achukue upanga wa pili. Hakukitupa. Alikuwa amekwisha kupoteza mashujaa sita, na aliandika kila mmoja alivyokufa. Wawili waliuawa na mazimwi. Wanne waliuawa na njaa, wote chini ya ngazi ya kumi, kwa sababu huko chini viumbe vyote ni mifupa na mizimu, na mifupa hailiwi. Zimwi la ngazi za juu ukiliua unaweza kula nyama yake palepale, ila huwezi kuibeba, inaoza. Lakini ukiwa na kifungio, unasimama juu ya mzoga, unafunga, unapata kopo, unaliweka begani na kushuka nalo.

Kifungio kilikuwa na masharti. Kilifanya kazi mara thelathini tu, basi. Kila kopo lilichukua hatua kumi kulifunga, na zimwi likitokea katikati, kazi inaharibika. Sharti kubwa lilikuwa ubichi wa nyama. Sentimita alijaribu tena na tena kwa mashujaa wake wa mwanzo, akagundua kwamba mzoga ukipitisha hatua hamsini tangu zimwi life, umeoza, ingawa kwenye kioo unaonekana uleule. Kifungio chenyewe hakikatai kitu. Ukikipa mzoga mbichi kinafunga, ukikipa uliooza kinafunga vilevile, na makopo yote yanafanana.

Kwa hiyo kila kitu kilitegemea daftari. Sentimita alipiga mistari kwenye daftari la zamani la hesabu: namba ya kopo, zimwi gani, hatua ngapi tangu life, kisha alama. Alama tuliiazima kwa Mama. Kiwandani, kopo zima huwekewa duara lenye nukta katikati, kwa chaki. Kopo bovu huchorwa mkato. Mama ndiye aliyetufundisha, jioni moja alipokuwa amechangamka, kisha ghafla akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mpango wa Sentimita ulikuwa makopo thelathini, kisha kushuka, na kufika kwenye taji kabla ya bandeji kukatwa. Aliuzungumzia mpango huo kuanzia chai ya asubuhi. Mwalimu wake alipopita Ijumaa kumletea kazi, aliona lile daftari, akasema mtoto huyu amejifundisha mwenyewe mambo ya darasa la tano. Sentimita alijifanya hakusikia, lakini masikio yake yalikuwa yamewaka.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu, maana nimezunguka vya kutosha.

Siku hiyo mguu ulikuwa umemuuma, akanywa dawa na kulala kabla ya zamu yangu kwisha. Kabla hajasinzia alinipa maagizo: kwenye ushoroba wa ngazi ya saba kuna mazimwi matatu madogo, niyaue moja moja, na nifunge kila mzoga kabla ya kuondoka pale. Nikaua la kwanza, nikafunga, hatua mbili, kopo la ishirini na moja. Nikaandika. Kisha yale mawili yaliyobaki yakaja pamoja, nikayaua yote, na papo hapo mwishoni mwa ushoroba nikaona alama zinazong'aa. Vito.

Niliviacha vile vizoga nikakimbilia vito. Mlango ulikuwa umefungwa, nikaupiga mateke. Njia ikapinda, nikapotea, nikarudi, nikapita upande mwingine. Nilipovifikia, vilikuwa vipande vya chupa. Niliporudi kwenye mizoga, sikuwa nimehesabu hatua, lakini nilijua hazikupungua mia mbili. Hata paka wa jirani angejua.

Ningeweza kuiacha. Lakini Sentimita angeamka na kuuliza makopo mawili yako wapi, nami ningelazimika kusema habari ya vito, na yeye angeniuliza maswali kwa rula mkononi. Nje wenzangu walikuwa wameanza kuruka kamba na walikuwa wakiniita. Nikafunga yote mawili. Kwenye daftari nikaandika namba ishirini na mbili, hatua tatu, na namba ishirini na tatu, hatua nne. Nikachora duara na nukta, duara na nukta. Nilijiambia ni mchezo tu, na kopo likishafungwa limefungwa. Kisha nikatoka kuruka kamba, na niliruka vizuri sana.

Zilipita siku tisa kabla Babu Kopo hajashuka ngazi ya kumi. Katika siku hizo tisa, kila alasiri nilikaa kwenye ukingo wa kitanda kile, daftari likiwa kati yetu. Siku ya kwanza nilikuwa na maneno mdomoni. Siku ya tatu nilianza kufikiri labda makopo hayo hayatafikiwa. Kufikia siku ya tisa nilikuwa nimesahau kabisa, au nilijifunza kukaa kama mtu aliyesahau.

Alishuka vizuri kuliko mashujaa wote waliomtangulia. Ngazi ya kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili. Aliposikia njaa, Sentimita aliangalia daftari, akachagua kopo kwa utaratibu wa namba, akapiga mstari juu yake na kumlisha. Ngazi ya kumi na nne hakuna aliyewahi kuifikia, wala wale wa darasani waliokuwa na panga mbili. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni namenya machungwa aliposema, "Dada, njoo uone. Anakula la ishirini na mbili, halafu tunavuka daraja."

Maandishi yalitokea juu ya kioo. Chakula hiki kina ladha ya kuoza. Shujaa anatapika. Shujaa amelegea. Shujaa amezimia. Sentimita alibonyeza vitufe vyote, lakini aliyezimia habonyezeki. Herufi moja kubwa ilitoka gizani, ikapiga hatua, ikapiga hatua, bila haraka yoyote, mpaka ikasimama kando ya ile alama nyeupe. Kisha kioo kikaandika kwamba safari imekwisha.

Hakulia. Afadhali angelia. Alichukua daftari, akafungua ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari. Kopo la ishirini na mbili, hatua tatu, duara na nukta. Akautazama mstari huo kwa muda mrefu, midomo ikihesabu.

"Basi si hamsini," alisema. "Kama hatua tatu zimeoza, basi hamsini niliipata vibaya. Nilipata yote vibaya."

Mimi nilimenya chungwa mpaka likabaki jeupe. Hapo ndipo ningesema. Neno moja lingetosha. Badala yake nilimpa chungwa, nikamwambia atajaribu tena kesho.

Kesho hakujaribu. Alizihesabu upya kurasa zote za daftari, akitafuta kosa, na kwa kuwa kosa halikuwa lake, hakuliona. Siku ya pili alihesabu tena. Siku ya tatu alilichana daftari akalitupa ndani ya pipa la taka. Mwalimu alipomletea karatasi za mazoezi hakuzigusa. Jumatatu iliyofuata mwalimu alitakiwa kuja nyumbani kumfanyisha mtihani wa mwisho wa mwaka, na asipoufanya angerudia darasa. Sentimita alimwambia Mama kwamba asimsumbue mwalimu. Alisema hana kichwa cha hesabu, alikuwa akijidanganya tu. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja kimo chake.

Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi nilimjua mdogo wangu kuliko mtu yeyote, na nilikuwa nikimla kidogo kidogo kila siku kwa kunyamaza tu.

Jumamosi asubuhi Mama alinikuta jikoni naosha sufuria. Aliuliza Sentimita amepatwa na nini. Nikamweleza habari ya mchezo, shujaa na kopo bovu, na nikamaliza kwa kusema kwamba Sentimita alihesabu vibaya. Hata sasa nikikumbuka sentensi hiyo, shingo inaniwaka.

Mama alitoka, akarudi na lile daftari, vipande viwili vyenye majani ya chai. Alikuwa ameliokota pipani tangu juzi. Akavipanga mezani na kuanza kusoma, kopo la kwanza, la pili, taratibu, kidole kikishuka na mistari. Kidole kikasimama.

"Mistari hii miwili uliandika wewe," alisema.

Nikasema tuliandika kwa zamu.

"Tazama mingine. Kopo moja moja. Huu wino umekolea, huu umefifia, hapa mkono ulikuwa umechoka. Kati ya kopo na kopo kuna kazi, ndiyo maana hakuna alama mbili zinazofanana. Hii miwili umeiandika kwa pumzi moja. Duara, duara, nukta, nukta. Mtu aliyefanya kazi haandiki hivi, mwanangu. Huandika hivi mtu anayetaka kuondoka."

Nilimuuliza amejuaje. Nilitaka sauti yangu iwe ya mtu aliyeonewa, ikatoka nyembamba.

"Kwa sababu na mimi niliandika hivyo," Mama alisema. Akavuta kiti akakaa.

Ndipo nikajua. Miaka saba iliyopita Mama hakuwa mfagizi. Alikuwa mgongaji, na wengine walitoka idara nyingine kuja kumwona anavyogonga. Alikuwa na ufito wa chuma, alipita juu ya makopo akigonga moja baada ya jingine, haraka, na sikio lake lilikamata lile bovu, lililovuta hewa, hata katikati ya kelele za mashine. Jioni moja palibaki trei mbili kabla ya mbinja. Alikuwa amechoka na alitaka kuwahi nyumbani. Aligonga makopo machache ya juu, akayasikia yanalia vizuri, akachukua chaki na kuyawekea yote duara na nukta. Trei mbili, kwa pumzi moja.

Wiki iliyofuata familia ya mpakiaji mmoja ilikula kopo kutoka kwenye trei hizo. Mtoto wao mdogo alilazwa hospitali siku kumi na tisa. Alipona, lakini kwa miezi mingi hakuweza kushika kikombe bila kukimwaga.

"Wakubwa walimwita nani ajibu, unafikiri?" Mama aliuliza. "Walimwita fundi wa mashine ya kufunga vifuniko. Kama kopo limevuta hewa na alama inasema lilikuwa zima, basi mashine imelegea. Nilimwona akiifungua mashine yake. Aliifungua yote, akaipanga chini juu ya gunia, akapima kila kipande, akaifunga. Hakuona kosa. Siku ya pili akaifungua tena. Siku ya tatu tena. Nilikuwa nikipita hapo na ufito wangu mkononi, namsalimia. Siku ya nne niliona mikono yake inatetemeka. Mikono ile, iliyokuwa haikosei. Alikuwa ameanza kuamini kwamba ni yeye."

Mama alisema ukweli siku hiyo ya nne. Wakubwa wa kiwanda walimnyang'anya ufito wakampa fagio, na yeye alilipokea bila neno. Fundi alikuwa amekwisha kufukuzwa asubuhi ileile. Walimwandikia barua ya kumrudisha, akakataa. Alisema hawezi kurudi mahali walipomfanya aishuku mikono yake.

Mama alisukuma vipande vya daftari upande wangu. "Mimi nilichelewa siku nne. Wewe umechelewa ngapi?"

Nilizihesabu baadaye: kumi na tano, tangu siku ya vito.

Hakunishika mkono wala hakunisukuma. Aliendelea kukaa tu, akinitazama. Nilikausha mikono, nikachukua daftari, nikaenda chumbani.

Sentimita alikuwa amelala akitazama dari. Kompyuta ilikuwa imefunikwa shuka. Nilimwambia yote, vito, mlango, mia mbili, wenzangu nje, kamba. Nilidhani nitalia na kwamba kulia kutanisaidia, lakini machozi hayakuja. Nilisema kwa sauti kavu kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani.

Alipokuwa na uhakika kwamba nimemaliza, alinyoosha mkono. "Nipe daftari."

Nikampa. Alivipanga vile vipande juu ya bandeji, akatafuta mstari. "Zilikuwa ngapi? Hatua."

"Sikuhesabu. Mia mbili, labda zaidi."

Alichukua kalamu, akafuta tatu, akaandika mia mbili na alama ya kuuliza. Kisha akachora mkato mahali palipokuwa na duara langu. Alifanya hivyo kwa mstari wa pili pia, polepole.

"Kwa hiyo hamsini ilikuwa sawa," alisema.

"Ilikuwa sawa. Kila kitu ulichopata kilikuwa sawa."

Ndipo alipolia. Alilia kwa hasira, akipiga godoro kwa ngumi, na nilipotaka kumshika alisema nisimguse. Alisema nimwondokee. Nikatoka, nikasimama kwenye ushoroba, na nilisikia anavyojaribu kulia bila sauti ili nisipate kumsikia.

Jumatatu mwalimu alikuja, na Sentimita aliufanya mtihani ule ameuegemeza kwenye mguu wake. Alikosa swali moja tu, na hata hilo alibishana nalo. Wiki iliyofuata alifunua kompyuta na kuanza shujaa mpya. Hakumpa jina, au kama alimpa hakuniambia. Nusu saa yangu alimwomba Mama aichukue yeye, na Mama akakubali. Mimi nilipika, nikafua, nikamletea kazi zake kutoka shule. Nikimwambia chai ipo tayari, aliomba aione kwanza. Nikimwambia ni saa tisa, aligeuza shingo kutazama saa ya ukutani. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Alikuwa anapima tu.

Nilivumilia wiki tatu. Jumamosi moja, tukienda sokoni, nilimlalamikia Mama. Nilisema nimeomba radhi, nimerudia kuomba, nimefanya kazi zake zote, sasa anataka nini zaidi.

Mama alikata kona kwenye mtaa wa washonaji, ambao haukuwa njia yetu. Mbele ya duka moja mwanamume mwenye mvi alikuwa ameinamia cherehani iliyofunguliwa, vipande vyake vimepangwa chini juu ya gunia. Kabla sijafikiri, nilijua ni nani.

"Habari za kazi, fundi," Mama alisema.

Mwanamume yule hakuinua kichwa. Alichukua bisibisi, akakaza skrubu moja, akaijaribu, akaikaza tena. Mama alisimama kwa muda ambao mtu husubiri jibu, si zaidi. Mimi, kwa woga na kwa mazoea, nikasema, "Shikamoo."

Aliinua macho, akanitazama. "Marahaba, binti," alisema, tena kwa upole. Kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Tulitembea mpaka mwisho wa mtaa. Nilimuuliza Mama kama ni hivyo kila mara. Akasema ndiyo, kila Jumamosi, mwaka wa saba huu.

"Kwa nini unaendelea?"

"Kusalimia ni juu yangu. Kuitikia ni juu yake, na siwezi kumdai," alisema. "Kazi ifanye mpaka mwisho ndipo uweke alama, mwanangu. Ukiweka alama ya uongo, sema siku hiyohiyo. Ukichelewa, utasamehewa labda, lakini yule uliyemwacha abebe kosa lako hatakuwa yuleyule, na huna la kumfanya zaidi ya kumsubiri."

Nilisema lakini mimi ameniitikia.

"Wewe hujamkosea," Mama alisema. Akahamisha kikapu kwenye mkono wa pili, tukavuka barabara. "Huyu ni wangu. Wako yuko nyumbani."